Mzee Mugeta, Ubao wa Guta na Barua ya Septemba

Mzee Renatus Mugeta anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Upimaji wa Mbao na Samani hapa Musoma kwa miaka thelathini na minne kamili. Aliripoti tarehe 1 Julai 1991, Jumatatu pia, akiwa na barua ya ajira, kalamu mbili na rula ya chuma ambayo mpaka leo hamruhusu mtu mwingine kuishika. Katika miaka yote hiyo daftari la mahudhurio linaonyesha amechelewa mara moja tu, na kwenye safu ya sababu aliandika: "Ng'ombe, barabara ya Butiama."

Wasifu huu wa kumuaga, unaosomwa leo na mshereheshaji, umeandikwa na karani wa masjala, Mwanaupe Hamduni, mkazi wa Iringo, ambaye amefanya kazi jengo moja na Mzee Mugeta kwa miaka ishirini na mbili, wakitenganishwa na ukuta mmoja. Kamati ya sherehe ilimpa kazi hii kwa sababu, walisema, masjala ndiko kunakojulikana mambo ya watu. Walimwagiza aandike kwa nafsi ya tatu, awe mchangamfu, na asizidishe kurasa. Atajitahidi.

Mzee Mugeta alizaliwa Butiama mwaka 1965, mtoto wa tano wa mkulima wa mihogo na mtama. Alisomea useremala, na waliosoma naye wanakiri kwamba hakuwa hodari sana wa kutengeneza viti. Alikuwa hodari wa kueleza kwa nini kiti cha mwenzake kitalegea. Maneno hayo yalimpunguzia marafiki chuoni, lakini ndiyo yaliyompatia ajira. Alianza hapa kama fundi msaidizi, akawa mpimaji mwaka 1998 na mpimaji mwandamizi mwaka 2006. Cheo cha juu zaidi ya hapo hakukipata, na sababu yake tutaifikia.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kuingia chumba cha mwisho upande wa ziwani, kazi yake ni hii. Siku hizi kabati nyingi hazitengenezwi kwa mninga wala mkangazi. Zinatengenezwa kwa mbao za kusindika, nyuzi za miti zilizochanganywa na gundi zikakandamizwa, zile ambazo mafundi wanaziita MDF. Ukizitazama dukani zote ni ndugu: rangi moja, unene mmoja, harufu moja. Mzee Mugeta hukata kipande cha kila ubao, urefu wa sentimita sitini na upana wa sentimita tano. Hukilaza juu ya vyuma viwili vilivyoachana nusu mita, hutundika katikati jiwe la kilo kumi, husubiri dakika moja, kisha husoma kwenye kipimo chake cha mshale ubao umepinda milimita ngapi. Uliopinda kidogo ndio mkakamavu. Ni hilo tu, na mtu akipita mlangoni anaweza kudhani mzee anacheza bao peke yake.

Lakini ndilo linaloamua kama rafu ya vitabu itakaa imenyooka miaka kumi, au mwaka wa pili itakuwa imebonyea kama kitanda cha kamba. Wanafunzi waliokuja kwake kwa mafunzo ya vitendo aliwaambia wasichanganye kupinda na kuvunjika. "Rafu haivunjikagi," alikuwa akisema, "inalegeaga polepole, mwenye nyumba hata hajui, mpaka siku vitabu vyote vimekutana katikati."

Mafundi wa Bunda wanamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 2008 alizunguka karakana zao kwa baiskeli, siku zake za likizo, akiwafundisha kulinganisha mbao bila mashine yoyote: matofali mawili, rula, na ndoo yenye lita kumi za maji iliyotundikwa katikati ya ubao. Wanaiita ndoo ya Mugeta mpaka leo. Muuza mbao akiona fundi anaingia dukani na ndoo tupu, anajua kazi ipo.

Kisa cha harusi hakiwezi kuachwa. Mwaka 2011 mwenzetu Enos alioa kule Bunda, na Kituo kizima tulihudhuria. Baba wa bibi harusi akiwa katikati ya hotuba, Mzee Mugeta aliinuka, akatembea mpaka mbele, akachuchumaa kwenye meza ya keki, akafumba jicho moja na kuchungulia chini ya ubao. Kisha akainuka, akaisogeza keki shubiri mbili kuelekea kwenye mguu wa meza, akarudi kukaa. Mshereheshaji alidhani ni mila ya watu wa Butiama, akaomba vigelegele, na vikapigwa. Keki ilisalimika.

Ila linalojulikana zaidi kuhusu mzee wetu ni kulaza mbao. Hakuna ubao uliopimwa siku ulipoletwa. Ubao, kwa maelezo yake, unakuja na hewa ya kule ulikotoka, na ubao wa nyuzi hunywa unyevu kuliko mti wenyewe. Kwa hiyo lazima ulale chumbani kwake siku zisizopungua kumi, uizoee hewa ya hapa, ndipo uwekwe kwenye vyuma. Aliandika kwa chaki tarehe ya kulala. Wakubwa walipotuma mtu kuuliza majibu, alirudi na neno moja, kwamba ubao bado umelala. Tulimtania kwamba angekuwa daktari, wagonjwa wote wangelazwa siku kumi kabla ya kuulizwa wanaumwa nini. Alicheka pamoja nasi mpaka machozi. Walioajiriwa hivi karibuni hawajawahi kumsikia akicheka hivyo, na ni haki yao kujua kwamba alikuwa mcheshi.

Mkewe, Bi Nyangi, alifariki mwaka 2014. Watoto wao wawili wako mbali, mmoja Mtwara na mwingine Sumbawanga. Tangu hapo Mzee Mugeta amekuwa akiishi chumba cha kupanga hapa mjini, na kila Jumamosi anakwenda Butiama kufungua madirisha ya nyumba waliyoijenga pamoja. Anayaacha wazi mpaka saa tisa, anayafunga, anarudi. Wakati ule, chai yetu ya saa nne ndiyo iliyokuwa familia yake. Alikaa mwisho wa benchi, mkono mmoja ukiwa na kikombe na mwingine ukibonyeza benchi kwa dole gumba kwa mazoea, akitusimulia ubao gani umefika na umetoka wapi.

Hapa nafsi ya tatu imenishinda, na Kamati inisamehe. Yaliyobaki nitayaandika kwa kusema mimi, kwa sababu nimo ndani yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Kituo kilipewa kazi ya kulinganisha mbao tatu kwa ajili ya rafu za vitabu za shule kumi na mbili za mkoa huu. Mbao mbili zilitoka viwanda vya nje ya mkoa. Wa tatu ulitoka Guta, Bunda, kwenye karakana ya Hyasinta Nyamburi. Huyu mama na wenzake wanane walikuwa wakikusanya mabua ya pamba baada ya mavuno, yale ambayo wakulima huyachoma moto. Waliyakatakata, wakayachemsha kwenye mapipa, wakayatwanga mpaka yakawa nyuzi, wakayachanganya na gundi na kuyakandamiza kwa mashine iliyoundwa na fundi wa Bunda kwa jeki za lori. Ulitoka ubao wa kahawia, mzito, unaonukia kidogo shamba. Kama ungeshinda, watu tisa wangekuwa na kazi nyumbani kwao, na mkoa ungekuwa na ubao wake.

Hyasinta aliuleta mapema kuliko wote, Jumatatu ya tarehe 1 Aprili, yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma ya pikapu ameushikilia. Mzee Mugeta alifurahi sana. Hatimaye amepatikana mteja anayejua kwamba mbao hulala! Rafu zake zilikuwa zimejaa, basi akaulaza sakafuni, kando ya ukuta wa ziwani, chini ya lile dirisha ambalo halijawahi kufunga sawasawa tangu kabla sijaajiriwa. Akaandika tarehe kwa chaki. Mvua ilinyesha karibu kila siku ya wiki ile na iliyofuata.

Zile mbao mbili nyingine zilifika Ijumaa ya tarehe 12 Aprili, siku ya mwisho, zikiwa bado zimefungwa nailoni za kiwandani. Mkuu wa Kituo wa wakati huo alitaka majibu kabla ya saa sita. Mzee Mugeta aliomba siku kumi. Mkuu alisimama mlangoni akiangalia saa. Basi mzee akachana nailoni, akakata vipande, akavipima saa ile ile. Ndani ya miaka ishirini na minane ilikuwa mara yake ya kwanza kupima ubao ambao haujalala.

Mbao za nje zilipinda milimita nne nukta tisa na tano nukta tano. Ubao wa Guta ulipinda milimita saba nukta moja. Akaandika ripoti, akatia saini, nami nikaisajili. Guta wakaambiwa ubao wao ni laini, haufai kubeba vitabu. Zabuni ikaenda kwingine.

Mnaona kosa lilipo. Ni kosa ambalo mpimaji mzembe hawezi kulifanya, maana yeye angezipima zote tatu zilivyokuja na zingekuwa sawa. Mzee Mugeta aliufuata utaratibu wake kwa ubao mmoja na kuuvunja kwa mbao mbili. Ubao wa Guta ulikunywa unyevu wa ziwa siku kumi na moja ukiwa sakafuni, na wenzake walikuwa wakavu ndani ya nailoni. Hyasinta aliadhibiwa kwa sababu aliwahi.

Aliligundua mwenyewe, bila mtu kumwambia, mwezi Septemba mwaka ule ule. Kilikuwa kiangazi, naye alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu. Vipande ambavyo havijavunjika huwa havitupi. Vile vitatu vya Aprili vilikuwa vimelala pamoja rafu moja, hewa moja, miezi mitano. Akavirudisha kwenye vyuma, nadhani kwa kupoteza muda tu. Ubao wa Guta ukapinda kidogo kuliko zote. Akapima tena, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Siku tatu nilimsikia kupitia ukuta akitundika lile jiwe na kulishusha, akitundika na kulishusha, tangu asubuhi mpaka muda wa kutoka. Hakuja kunywa chai.

Jumanne ya tarehe 17 Septemba alikuja dirishani kwangu na barua ya ukurasa mmoja. Nimeisoma mara nyingi mno, naijua kwa moyo. Sentensi ya kwanza ni neno moja: "Nilikosea." Inafuata namna alivyokosea, kisha vipimo vipya, kisha ombi kwamba ripoti ya Aprili ifutwe na karakana ya Guta ipelekewe nakala yenye muhuri. Hakumtaja mkuu wala saa yake. Kosa lote alilichukua yeye.

Jumamosi iliyofuata hakwenda Butiama kufungua madirisha. Alikwenda Guta. Alisimama mbele ya Hyasinta na wafanyakazi wake, ambao walikuwa wamebaki wakihangaika na vibarua vya hapa na pale, akawaambia kwamba ubao wao ndio uliokuwa bora, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba karatasi inakuja. Angeweza kuwapelekea nakala mkononi, lakini mnamfahamu: kwake yeye barua isiyo na namba wala muhuri si barua. Aliwaambia itakuja kwa utaratibu. Aliuamini utaratibu, na utaratibu nilikuwa mimi.

Mkuu aliisoma barua, akaniita. Alisema rafu zimeshatengenezwa, shule zimeshapokea, kelele za nini. Kisha akasema, "Iweke kwanza."

Wenye ofisi wanaijua kauli hiyo. Hukuambiwa uichane, wala hukuambiwa imekataliwa. Niliiweka kwenye droo ya chini, chini ya boksi la pini. Nilidhani ni suala la wiki moja. Mkuu yule alihamishwa mwaka 2021, na siku alipoondoka ningeweza kuitoa. Lakini tarehe yake ilikuwa imeshakuwa ya zamani, na nilianza kuona aibu namna nitakavyoeleza miaka miwili. Miwili ikawa minne. Aibu ilikuwa inaongezeka kila mwaka, nami nikawa napata sababu mpya ya kuiacha pale pale.

Nyuma kule, mwezi ule ule wa barua, kwenye kikao cha wafanyakazi, mkuu yule alisema yupo mtu humu ndani anayetaka kukichafua Kituo. Hakutaja jina. Hakuna aliyesema tumtenge Mzee Mugeta, ila ilitokea tu kwamba akikaa mwisho wa benchi, benchi linakuwa fupi. Huyu ana faili la kumalizia, yule anaitwa na simu. Baada ya wiki kama mbili alianza kuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, akawa anainywa chumbani kwake. Jina lake lilipendekezwa kupandishwa cheo mara mbili na halikwenda popote. Mimi nilipita mbele ya mlango ule kila siku saa nne na birika mkononi. Nilimwona ameipa mgongo korido, anatazama ziwa, na sikuingia. Naandika haya ili msidhani walikuwa watu wengine.

Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuja dirishani kwangu, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Jabiri, Guta wamejibu?"

"Bado, mzee."

"Haya. Wana haki."

Tangu Oktoba 2019 mpaka mwezi huu ni mara sitini na tisa. Nimezihesabu. Hakuwahi kuuliza kama barua ilitoka. Haikumjia akilini kwamba inaweza kuwa haikutoka. Aliamini wameipokea, wameisoma, na wameamua kutomsamehe, na akaona ni sawa. Kila mara nilimwangalia akirudi chumbani kwake na mikono yake nyuma, na kila mara nilijiambia kesho.

Wiki tatu zilizopita, Kamati iliponipa kazi hii, nilikwenda Guta. Msinisifu kwa hilo. Nilikwenda kutafuta kisa kimoja cha kufurahisha, maana nilijua ana wateja wa zamani upande ule, na nilijidanganya kwamba mama yule atakuwa ameshasahau. Nilimkuta shambani, anachuma nyanya. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, ile mashine ya jeki za lori bado ipo. Nilipotaja jina la Mzee Mugeta aliweka ndoo chini.

"Yule mzee? Yule alitudanganyaga vizuri sana, dada. Alisimama pale, mbele ya watu wangu, karatasi inakuja, karatasi inakuja. Sisi tukangoja. Nikienda shule kuuza ubao wananiuliza, karatasi yako iko wapi? Nasema iko njiani. Watu wangu walikuwaga hapa mpaka Krismasi, wanangoja. Halafu wakaondoka mmoja mmoja. Kwa nini alikuja? Angekaaga tu huko kwake, mimi ningejua nimeshindwa, basi."

Karibu miaka sita, watu wawili, mmoja Musoma na mwingine Guta, mwendo wa basi usiozidi saa mbili. Kila mmoja amekaa peke yake akiamini mwenzake amemkataa, na kilichokuwa katikati yao ni droo yangu. Niligeuza ndoo tupu nikaikalia, nikamwambia karatasi iko wapi.

Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, akarudi na mstari wa pili. Kisha akasema hataki samahani yangu, hana pa kuiweka. Anataka karatasi. Na kwa kuwa yeye aliaibishwa mbele ya watu, anataka vipimo visomwe mbele ya watu. "Zisomwe zile namba," alisema. "Kwa sauti. Na yeye mzee akiwepo."

Mkuu wetu wa sasa, Bwana Florian, nilimpelekea barua hiyo pamoja na maelezo yangu. Aliisoma mara mbili, akauliza swali moja tu: kwa nini sasa. Ripoti ya Aprili 2019 ameifuta, na suala langu mimi lina utaratibu wake, ambao utaanza wiki ijayo, na ni haki. Barua nimeisajili jana, Alhamisi tarehe 26 Juni 2025. Kwenye safu ya kupokelewa nimeandika 17 Septemba 2019, na kwenye safu ya kutolewa nimeandika tarehe ya jana. Sikupunguza kitu. Jana hiyo hiyo niliipeleka Guta kwa mkono wangu, ndiyo maana kurasa hizi zimechapwa leo asubuhi na wino wake bado unashika vidole.

Mzee Mugeta anayasikia haya sasa hivi, kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi. Nilijaribu kumwambia ana kwa ana Jumanne. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikamkuta anafungasha vyuma vyake kwenye gazeti, nikamuuliza kama anahitaji kamba. Akasema anayo.

Namwomba mshereheshaji asome polepole aya inayofuata.

Mbao tatu, unene mmoja wa milimita kumi na sita, zilizolala chumba kimoja miezi mitano, zilibebeshwa mzigo mmoja wa kilo kumi. Wa kwanza, kutoka nje ya mkoa, ulipinda milimita tano nukta mbili. Wa pili, kutoka nje ya mkoa, ulipinda milimita tano nukta nane. Ubao wa Guta, uliotengenezwa kwa mabua ya pamba na Hyasinta Nyamburi na wenzake wanane, ulipinda milimita nne nukta sita. Ubao wa Guta ndio mkakamavu kuliko zote. Mpimaji: R. Mugeta.

Hyasinta alitia saini kwenye daftari la kupeleka barua. Sikumwomba zaidi ya saini. Lakini alibaki ameshika kalamu, akasogeza daftari, na kwenye nafasi ndogo iliyobaki pembeni akaandika: "Mwambie mzee sikujua." Kwangu hakuandika kitu.

Kituo kinamshukuru Mzee Renatus Mugeta kwa vipimo zaidi ya elfu tisa, kwa mafundi aliowafundisha bila kuagizwa na mtu, na kwa kutuonyesha mtu anavyoandika neno "nilikosea" bila kulipamba. Chumba cha mwisho upande wa ziwani hakijapata mtu bado. Jumatatu ya tarehe 7 Julai hakuna atakayekuja dirishani kwangu, na kama nitakuwa bado nimekaa pale, najua nitaangalia saa.

Mzee wetu, nenda Butiama salama. Wenzako wote wanakuombea afya, mvua za kutosha, na nyumba ambayo madirisha yake yanakaa wazi mpaka jioni. Mimi, Mwanaupe, nakuomba radhi.